Asidi ya laktiki inasingiziwa

Jumatatu umenyanyua vyuma, ukatoka jimu ukijiona shujaa. Jumatano kushuka ngazi tu ni mateso. Mwenzako anakwambia, "Hiyo asidi ya laktiki, rudi kaongeze uzito itoke." Kumbe asidi hiyo inasingiziwa, na kesi yenyewe ina zaidi ya miaka 100.

Mwaka 1902 mwanafiziolojia Mmarekani, Theodore Hough, aliandika kuhusu vidole alivyovifanyisha kazi kwa ergografu, mashine ya kupima uchovu wa misuli. Aliona maumivu ya aina mbili: ya uchovu, yanayokuja palepale, na mengine yanayochelewa saa kadhaa. Haya ya pili, alisema, yanatokana na michaniko midogo ndani ya msuli.

Mwaka 1907, Fletcher na Hopkins wa Cambridge wakaonyesha kwamba msuli wa chura ukichoka unalimbikiza asidi ya laktiki. Wao walichunguza uchovu, si maumivu ya kesho yake. Lakini watu wakaunganisha hayo mawili, na hadithi ikaota mizizi.

Mwaka 1981 Jan Fridén na wenzake, Sweden, walitazama kwa hadubini misuli ya watu walioshuka ngazi mara nyingi. Nyuzi zilikuwa zimevurugika. Mwaka 1983 James Schwane na wenzake, Marekani, wakakimbiza watu mahali tambarare na kwenye mteremko. Tambarare, asidi ilipanda lakini maumivu hayakuja. Mteremkoni, asidi haikupanda, na bado misuli iliuma siku zilizofuata. Hough alikuwa ameona mbali.

Siri iko kwenye kushusha. Unapoteremka, au unapoteremsha chuma, msuli unarefuka huku umekaza, kama breki. Hapo ndipo nyuzi huumia. Kisha seli nyeupe za damu hufika kuondoa mabaki na kuchochea ukarabati. Uvimbe na maumivu huandamana na kazi hiyo. Asidi yenyewe huwa imeshaondoka muda mfupi tu baada ya zoezi.

Kwa hiyo ushauri wa "ongeza uzito itoke" ni kuongeza jeraha juu ya jeraha. Zoezi jipya lianze na uzito mdogo na mizunguko michache. Ukilirudia baada ya wiki moja au mbili, maumivu hupungua sana. Na mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, usisubiri: nenda hospitali, maana msuli ulioharibika sana unaweza kuumiza figo.