Betri Ilinidanganya, Ohm Alikuwa Ameshasema

Wasee, leo nakubali kosa. Mwaka jana mashine ya presha ya shosho ilianza kuzima. Ukibonyeza, skrini inawaka poa, halafu pampu ikianza tu kujaza hewa kwenye mkanda, giza. Mimi mjuaji wa nyumba nikatoa betri zote nne, nikazipima kwa multimita. Kila moja volti 1.4, na mpya huwa 1.5 na kitu. Nikatangaza: "Shosho, betri ni nzima, mashine ndiyo imekufa." Akakaa wiki mbili bila kupima presha, akingoja tuchange pesa ya nyingine.

Kumbe betri ndizo zilikuwa zimeisha. Aliyenielewesha ni jamaa aliyekufa 1854.

Georg Simon Ohm alikuwa Mjerumani, mtoto wa fundi wa kufuli. Aliingia chuo kikuu cha Erlangen 1805, akatoka baada ya mihula mitatu, maana babake alikasirika kuona kijana anamaliza muda kwa dansi na biliadi. Mimi pia niliacha chuo, lakini tusijifananishe: yeye alirudi, akamaliza 1811. Baadaye akawa mwalimu wa shule huko Cologne na kuanza kupima umeme.

Kilichomsumbua ni betri. Volta alikuwa ametangaza yake mwaka 1800: visahani vya metali mbili, katikati kadibodi iliyoloweshwa maji ya chumvi. Umeme wake haukutulia. Unapima sasa, ukirudia umeshashuka. Vipimo vya Ohm vya 1825 vikampa fomula isiyo sahihi. Mwanasayansi mwenzake, Poggendorff, akamshauri aachane na betri, aunganishe bismathi na shaba, kiungo kimoja kikae kwenye maji yanayochemka, kingine kwenye barafu. Umeme ukatulia. Akaupitisha kwenye nyaya nane za shaba za urefu tofauti, akiangalia unavyosukuma sindano ya sumaku.

Alichoandika 1826 si ile V = IR tuliyokariri. Aliandika X = a/(b + x). X ni nguvu ya mkondo, a ni msukumo wa chanzo, x ni waya unaojaribu. Na b? Ni ukinzani wa njia iliyobaki, pamoja na chanzo chenyewe. Yaani chanzo cha umeme nacho kinauzuia umeme wake. Leo tunauita ukinzani wa ndani. Kidato cha tatu tuliandika E = I(R + r), tukapata maksi, tukasahau.

Hata Ohm hakushangiliwa. Kitabu chake cha 1827 kilipokelewa vibaya kwao, akaacha kazi ya Cologne. Royal Society ya London ilimpa medali ya Copley 1841.

Sasa rudi kwa shosho. Multimita inavuta mkondo mdogo sana, kwa hivyo ukinzani wa ndani hauonekani. Pampu inavuta mwingi, na volti zinaishia ndani ya betri kabla zitoke. Ndiyo maana unafaa kuipima betri ikiwa kazini. Nilinunua rezista ya omu 10 kwa fundi wa redio. Betri ikiwa peke yake: volti 1.40. Nikiigusisha rezista kwenye ncha zote mbili kwa sekunde mbili hivi: 1.00. Toa, unabaki na 0.40. Gawanya kwa 1.00, zidisha kwa 10: omu 4. Betri mpya ilishuka kutoka 1.58 hadi 1.55 tu, yaani kama omu 0.2. Tofauti ni mara ishirini, na multimita peke yake ilikuwa inaniambia zote ziko sawa. (Usijaribu hii na betri ya simu, tafadhali.)

Tulipoweka mpya, mashine ikafanya kazi. Kipimo cha kwanza kilikuwa juu, tukampeleka kliniki siku hiyo hiyo. Sasa yuko sawa, lakini zile wiki mbili ni zangu.

Na kitu kingine. Shosho huanika mawe ya redio juani, na nimemcheka miaka mingi. Joto hushusha ukinzani wa ndani kwa muda, kwa hivyo redio yake iliamka kweli. Nimemwomba msamaha. Amesema nimletee mawe mapya.