Visima vya Pwani ya Kusini

Msafiri avukaye kivuko cha Likoni na kushika barabara iendayo Lunga Lunga huona mambo mawili yasiyofanana. Upande wa kushoto, kuelekea baharini, ziko hoteli za Diani zenye bustani za majani mabichi, ambazo hunyunyiziwa maji hata wakati wa kiangazi. Upande wa kulia viko vijiji vya Wadigo, ambako kwa vizazi vingi ndoo moja ya maji ilikuwa kazi ya asubuhi nzima. Mvua inyeshayo pande hizo mbili ni moja, na jua liwakalo juu yake ni moja. Basi tofauti hii ilitoka wapi, na je, yaweza kuondolewa? Nia ya insha hii ni kutafuta jibu katika historia ya kitu kimoja tu, yaani kisima cha kijiji.

Kwanza yafaa tufahamu kwamba Kwale si nchi isiyo na maji. Katika vilima vya Shimba ziko chemchemi za Marere, ambazo maji yake yaliingizwa katika mabomba tangu zama za ukoloni yakapelekwa Mombasa. Baadaye visima virefu vilichimbwa Tiwi, na maji yake yakagawiwa wakazi wa miji na wageni wa hoteli za pwani. Hapana kosa katika kuupa mji maji, kwa sababu mji wenye bandari hauwezi kuishi bila hayo. Kosa lilikuwa katika kuwasahau waliokuwa karibu na chemchemi. Maji ya Kwale yalisafiri mbali kuwafikia wengine, na huku wanawake wengi wa Kwale wakiendelea kuteka katika mashimo ya wazi yaliyochimbwa kwa mikono. Shimo la namna hiyo hutumiwa na watu na wanyama pamoja. Mvua kubwa ikinyesha, taka za kijiji huteremkia ndani yake. Kwa hiyo mama aliyeamka alfajiri kwenda kisimani aliweza kurudi na maradhi ya kuhara katika mtungi uleule aliowaletea watoto wake maji ya kunywa.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, wengi walitumaini kwamba mambo hayo yangebadilika upesi. Mwaka 1965 Serikali ya Kenya ilitoa Waraka wa Serikali Nambari 10, uliohusu Ujamaa wa Kiafrika na mipango ya uchumi. Waraka huo ulitaka wananchi wote wakombolewe katika ufukara, maradhi na unyonyaji. Lakini katika kugawa fedha za maendeleo ulishika kanuni nyingine. Ulisema kuwa fedha ziwekwe mahali zitakapozaa mapato makubwa zaidi, yaani penye ardhi nzuri, mvua ya kutosha, barabara na umeme, na watu waliokwisha kujitolea katika shughuli za maendeleo. Kisha faida itakayopatikana huko itumike kuzisaidia sehemu nyingine.

Kanuni hiyo haikuwa ya kipumbavu. Mkulima mwenye mbegu chache huzipanda kwanza katika shamba lake bora. Lakini shamba lisilopandwa halina njaa, na mtu asiyefikiwa anayo. Mahali palipokuwa na barabara paliongezewa barabara, na mahali palipokuwa na shule paliongezewa shule. Sehemu zilizoachwa nyuma na ukoloni zilizidi kuachwa nyuma. Kwale ilikuwa miongoni mwa sehemu hizo. Hoteli ziliongezeka ufukoni Diani katika miaka ya 1970 na baadaye, na vijana wengi walipata kazi humo. Walakini kazi ya hotelini haikuleta maji kijijini.

Mabadiliko makubwa katika habari ya visima yalianza mwaka 1983. Umoja wa Mataifa ulikuwa umeitenga miaka ya 1981 hadi 1990 kuwa mwongo wa maji safi duniani. Serikali ya Kenya, pamoja na Umoja wa Mataifa, Benki ya Dunia na msaada wa Sweden, ilianzisha kazi ya kuweka pampu za mkono katika pwani ya kusini, hasa Msambweni na Diani. Pamoja nao lilifanya kazi shirika la Kenya liitwalo KWAHO, ambalo chimbuko lake lilikuwa juhudi za maji na afya zilizoanzwa mwaka 1976 na vyama vya wanawake.

Watu hao walikuta somo chungu likiwangojea. Katika nchi nyingi za Afrika pampu zilikuwa zimekwisha kuwekwa na kufa. Zilikuwa za chuma kizito, zimetengenezwa mbali, na zilipoharibika hapana budi lori na mafundi watoke makao makuu ya wilaya kuja kuzing'oa. Lori lisipopata mafuta, au fundi asipopata ruhusa, kijiji kilirudi katika shimo lake la zamani. Pampu ilikuwa mali ya serikali, na mali ya serikali ilikuwa haina mwenyewe.

Kwa hiyo Kwale ilifanywa mahali pa majaribio. Pampu ya namna mpya, iitwayo Afridev, ilikuzwa kutokana na kazi iliyofanywa Malawi na Kenya, na visima vya Kwale vilikuwa kati ya vile ilivyojaribiwa na kurekebishwa. Mabomba yake ya chini ni ya plastiki, wala hayashikwi na kutu. Pistoni na vali yake huweza kuvutwa juu kupitia ndani ya bomba, bila kuling'oa bomba lenyewe. Tena kazi hiyo yote huweza kufanywa kwa spana moja. Msomaji asilidharau jambo hili la spana. Chombo kihitajicho mashine kubwa humtegemea mwenye mashine. Chombo kihitajicho spana moja humtegemea yeyote aliyefundishwa kuishika.

Na waliofundishwa kuishika walikuwa ni wanawake pia. Katika vijiji palichaguliwa kamati za maji, na wanawake wakawekwa ndani yake, wengine wakiwa watunza fedha na wengine mafundi wa pampu. Mwanzoni jambo hilo halikuwa jepesi, kwa sababu katika baraza nyingi mwanamke alizoea kukaa nyuma na kunyamaza. Lakini hoja yao ilikuwa na nguvu kuliko desturi. Pampu ikiharibika, ni nani aendaye mbali na ndoo kichwani? Basi yule apatwaye na taabu ndiye awezaye kuaminiwa kuiondoa upesi. Wanakijiji walitoa michango midogo, wakaweka akiba ya kununua vipuri. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari; na katika daftari za kamati hizo wanawake wengi walipata kuwa viongozi kwa mara ya kwanza mbele ya watu wote.

Hapa ndipo tunapoona kazi ya fedha za umma zitumikapo vema. Kisima hakikuleta maji tu. Kilimrudishia mama saa zake, naye akazitumia kwa shamba, biashara ndogo au mapumziko. Kilimwezesha msichana kufika darasani mapema badala ya kufika kisimani mapema. Na kwa kuwa kilikuwa cha wote, maskini na mwenye nafasi walisimama katika safu moja, kila mtu na ndoo yake.

Hata hivyo ingekuwa udanganyifu kusema kwamba habari hii ilikwisha kwa furaha. Miaka ilipopita wafadhili waliondoka, kamati nyingine zililegea, michango ikakoma, na pampu kadhaa zikanyamaza. Karibu na bahari visima vingine vilianza kutoa maji ya chumvi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa kisima ni ghali kuliko ufa wake. Ilidhihirika kwamba kijiji kimoja peke yake, hata kikiwa na bidii, chaweza kulemewa na gharama ya siku moja mbaya.

Kutokana na shida hiyo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Oxford na wenzao wa Kenya walijaribu njia nyingine. Huko Kyuso, katika Kaunti ya Kitui, walitia katika mpini wa pampu kifaa kidogo ambacho hupeleka habari kwa simu ya mkono kila pampu itumikapo au isimamapo. Mafundi wakajua siku ileile mahali penye ubovu. Muda wa kungojea matengenezo, ambao kwa kawaida ulikuwa siku 27, ulipungua ukawa chini ya siku 3. Baadaye vifaa hivyo vililetwa Kwale, na kampuni ndogo ya mafundi iitwayo FundiFix ikaundwa ili kuzitunza pampu za vijiji vingi pamoja. Vijiji hulipa kiasi fulani, na mfuko wa pamoja husaidia kuziba upungufu, ili mzigo usiangukie mabega ya kijiji kimoja.

Wakati huohuo sheria kuu ya nchi ilibadilika. Katiba iliyopitishwa mwaka 2010 ilitamka kwamba kila mtu ana haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Iliunda serikali za kaunti, zilizoanza kazi mwaka 2013, na ikaagiza kaunti zigawiwe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Tena iliweka Mfuko wa Usawazishaji, ambao hupewa nusu ya asilimia moja ya mapato hayo ili kupeleka maji, barabara, hospitali na umeme katika sehemu zilizoachwa nyuma, mpaka zikaribie hali ya sehemu nyingine. Tume iliyopewa kazi ya kuzitaja sehemu hizo iliorodhesha kaunti 14 mwanzoni, na Kwale ilikuwa mojawapo. Ni kweli kwamba fedha za mfuko huo zilichelewa sana kufika. Lakini tazama jinsi fikira ilivyogeuka tangu 1965. Zamani uhitaji wa mahali ulikuwa sababu ya kupaacha. Sasa, katika sheria, uhitaji huo ni sababu ya kupaanza.

Basi historia ya visima vya pwani ya kusini yatufundisha kwamba tofauti baina ya ng'ambo mbili za barabara ya Diani haikuletwa na mbingu. Ilitokana na maamuzi ya watu juu ya mahali pa kuweka fedha za wote. Na lililoamuliwa na watu laweza kuamuliwa upya na watu. Yatufundisha pia kwamba fedha peke yake huchimba kisima, lakini haikitunzi. Serikali ikitoa fedha bila kuwashirikisha wananchi, pampu hufa. Wananchi wakiachwa peke yao bila fedha ya umma, pampu hufa vilevile. Huishi pale tu pande mbili zinapokutana.

Wewe usomaye insha hii shuleni, siku moja utakaa katika kamati, au katika bunge la kaunti, au utakuwa mlipa kodi asiye na cheo chochote. Siku hiyo fedha za wote zitakapogawiwa, uliza maswali mawili: nani hajafikiwa, na ni nani atakayeshika spana baada ya wageni kuondoka?