Kabla Uzungushe Hiyo Voliumu

Leo siasa imepumzika. Nataka tuongee kuhusu voliumu, na vile niliunguza spika za anko Desemba iliyopita.

Wengi wetu tumeishi na ile sabwufa ambayo ukigusa voliumu inakwaruza kama bisi zinapasuka kwa sufuria. Ndani mna utepe wa kaboni na kidole cha chuma kinachoteleza juu yake. Utepe ukichakaa ama vumbi iingie, utasikia tu. Shida ya pili imejificha: spika za kushoto na kulia zina tepe mbili kwenye mhimili mmoja, na hizo tepe hazilingani kabisa. Shusha sauti usiku ndio usikie upande mmoja ukizimika kabla ya mwingine. Sasa piga picha chaneli sita.

Watu hudhani hii ni shida ya juzi. Mwaka wa 1940 Disney walionyesha Fantasia huko New York kwa mfumo ulioitwa Fantasound. Kulikuwa na chaneli tatu za muziki, halafu njia ya nne ambayo hakuna mtazamaji aliyeisikia. Hiyo ilibeba milio ya kuamrisha amplifaya: hapa panda, hapa shuka. Ilikuwa mitambo mizito na ya bei kali, kumbi chache tu zikaipata, ikafa mapema. Lakini kwangu mimi hapo ndipo kila kitu kilianzia. Muziki ulipita njia yake, amri ikapita yake.

Nyumbani mambo yalikuja polepole. Mwaka wa 1955 Zenith waliuza rimoti ya kumulika TV kama tochi, na jua likipiga kioo TV ilijibadilisha yenyewe! Mwaka uliofuata Robert Adler akawaletea ya nyundo ndogo zinazogonga vijiti vya alumini, mlio wa juu usiosikika na binadamu. Haikutumia betri. Hebu wazia, na sisi bado tunagonga rimoti kwa goti. Mwaka wa 1982 Philips wakatoa I2C, njia ya chipu za ndani ya TV kuongea kwa nyaya mbili. Halafu 1992 Batman Returns ikaingia sinema na Dolby Digital: chaneli tano na moja ya besi. DVD ikaileta hadi sebuleni.

Hapo ndipo mimi na PGA2310 tulipokutana. Ni chipu ya chaneli mbili, inapanda na kushuka nusu desibeli kwa hatua. Nilipanga tatu kwa mstari, amri inaingia ya kwanza, inapitishwa hadi ya mwisho, na zote sita zinabadilika pamoja. Nyaya tatu za amri, basi. Hakuna utepe wa kuchakaa, na chaneli zinalingana hata ukishusha hadi mnong'ono. Anayekuambia vitu vya dijitali vimeharibu muziki, mwambie asikilize hapo chini kwanza.

Kosa langu lilikuwa la hesabu. Chipu inasoma namba 0 hadi 255. Nilidhani 255 ni bomba limefunguliwa lote, basi. Kumbe sauti inapita bila kuguswa ikiwa 192. Kutoka hapo inakuzwa, na 255 ni desibeli 31.5 juu, yaani volti karibu mara 38. Desibeli ndivyo zilivyo, zinazidisha, hazijumlishi. Wahandisi wa simu wa Bell walizipanga hivyo miaka ya 1920, na sikio letu pia husikia karibu hivyo.

Anko alikuwa amekaa, rumba ya Kongo inacheza. "Ongeza kidogo, kijana." Kitufe changu kinazunguka bila mwisho, na nilikuwa nimeandika programu iruke hatua kubwa ukizungusha haraka. Nikazungusha haraka. Mlio mmoja, halafu zile spika ndogo za juu zikanyamaza, zote mbili. Anko hakupaza sauti. Alisema tu, "Hizo nilinunua kabla uzaliwe."

Siku hizi boksi inawaka ikiwa 112, desibeli 40 chini, na programu haikubali kupita 192. Spika ndogo nilipata Luthuli Avenue, ingawa hazifanani na zile za kwanza. Anko bado huja Jumapili. Kabla hajakaa huuliza rimoti iko wapi, anaishika yeye.