Hema la turubai

Hema la turubai ni makazi ya muda yenye kuta wima, paa la mgongo na nguzo, lililoshonwa kwa kitambaa kizito cha pamba. Katika Afrika Mashariki lilienea kupitia kambi za uwindaji, kama ile ya Theodore Roosevelt mwaka 1909. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori mwaka 1977. Tanzania bado inauruhusu kwa leseni. Siku hizi nchini Kenya mahema haya hutumika zaidi katika kambi za watalii na za watafiti.

Sehemu kama Butere, Kaunti ya Kakamega, ambako mvua ya radi hunyesha alasiri kwa miezi mingi, kitambaa ndicho cha kukaguliwa kwanza. Uzito wa gramu 400 hivi kwa mita ya mraba unafaa, nacho kiwe kimetiwa dawa ya kuzuia ukungu. Hema jipya hulowanishwa, kisha huachwa likauke likiwa limesimama: nyuzi za pamba hufura na kuziba matundu ya sindano. Paa la pili juu ya lile la kwanza ni la lazima, kwa mvua na kwa jua pia. Udongo uliolowa haushiki vigingi vifupi, hivyo vichaguliwe virefu vya chuma.

Turubai la plastiki la matangani ni jepesi na rahisi kulisimamisha, lakini halipumui. Wanaolala ndani huamka na matone ya jasho darini. Hema la pamba lisikunjwe likiwa bichi, maana huoza.