Waliohama na Kumbukumbu ya Kwao

Wasikilizaji wetu, nanyi mtakaosomewa maneno haya barazani au darasani, leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya swali ambalo kila mtu hujiuliza siku moja: Sisi ni watu wa wapi? Babu zetu walitoka wapi, na ni jambo gani lililowaondoa huko?

Kwa Wairaqw, ambao ndio wengi katika nchi ya Mbulu, jawabu la swali hili lina jina. Mkimwuliza mzee wa Tumati, au wa Dongobesh, au wa Karatu, huenda akataja kwanza ukoo wake, kisha akataja Irqwar Da'aw, yaani Irqwa ya mashariki. Hiyo ni nchi ya milima iliyo pande za Kainam, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa. Huko watu walikaa wakibanana, wakalima matelemko kwa uangalifu mwingi, na kuchimba nyumba ubavuni mwa mlima ili adui asizione kwa mbali, wala asiwapate ng'ombe kwa urahisi.

Nyuma ya habari hiyo iko nyingine ya kale zaidi. Wazee husimulia kwamba kabla ya kufika Irqwar Da'aw, Wairaqw walikaa mahali paitwapo Ma'angwatay, upande wa kusini, wakaondoka huko kwa sababu ya vita. Wataalamu wa lugha nao wameona kwamba Kiiraqw ni ndugu wa Kigorwaa, na jamaa wa Kialagwa na Kiburunge, lugha za watu wa Babati na Kondoa. Basi masimulizi ya wazee na ushahidi wa lugha vyote viwili vyaelekea upande mmoja. Hayo yatufundisha tusiyadharau maneno ya wazee kwa sababu tu hayakuandikwa.

Mwishoni mwa karne ya 19 mambo yaligeuka. Maradhi ya ng'ombe yaliyoenea Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1890, pamoja na ndui na vita vya wao kwa wao, yaliwadhoofisha sana Wamasai. Nchi tambarare zilizokuwa za hatari sasa zilikalika. Wairaqw wakashuka kutoka milimani, wengine kwenda kaskazini mpaka Mbulumbulu na Karatu, wengine kwenda kusini na magharibi. Walipofungua nchi mpya hawakupiga kambi tu kama wapita njia. Wazee walizunguka mipaka yake na kuiombea baraka, ikawa aya, yaani nchi yenye watu, wazee na desturi zake. Hivyo waliondoka kwao, lakini walikwenda na utaratibu wa kwao.

Sasa tutawapeleka mbali kidogo, hata kisiwa kimoja cha Ulaya. Wala si mbali kama mnavyodhani, kwa maana watu wa kisiwa hicho walikuja wenyewe Mbulu. Katika miaka ya 1940 mapadre wa Shirika la Wapallotti kutoka Ayalandi walianza kazi katika nchi hii, na Patrick Winters, mtu wa Ayalandi, akawa askofu wa kwanza wa Mbulu. Mwaka 1971 kiti chake kilichukuliwa na Nicodemus Hhando, mwenyeji. Hospitali ya Dareda nayo ilitumikiwa na masista wa shirika lililoanzishwa mwaka 1937 na Mary Martin, mwanamke wa Dublin. Wazee wengi waliwajua watu hao kwa kazi zao. Lakini ni wangapi waliojua kwamba wageni hao walikuwa watoto wa taifa lililotawanyika duniani kote?

Habari yao ni hii. Mwaka 1841 Ayalandi ilikuwa na watu zaidi ya milioni 8, nayo ilikuwa chini ya utawala wa Uingereza. Mashamba mengi yalikuwa mali ya mabwana wakubwa, na maskini walipanga vipande vidogo vya ardhi na kulima viazi, kwa kuwa viazi peke yake viliweza kulisha jamaa nzima katika kipande kidogo. Mwaka 1845 ugonjwa uliingia katika viazi, vikaoza ardhini. Uliendelea mwaka baada ya mwaka, na njaa ikadumu mpaka mwaka 1852. Katika muda huo nafaka na nyama ziliendelea kupakiwa melini kupelekwa Uingereza, kwa kuwa mwenye mali aliuza na mwenye njaa hakuwa na fedha. Watu wapata milioni 1 walikufa, na zaidi ya milioni 1 wengine walihama. Tangu siku hizo nchi ile haijarudia hesabu yake: hata leo kisiwa kizima kina watu wapata milioni 7, pungufu ya wale wa mwaka 1841.

Walikwenda Liverpool na Glasgow, Boston na New York, Kanada na Australia. Wengi walisafiri wakiwa dhaifu, katika marikebu zilizojaa homa. Mwaka 1847 marikebu nyingi zilifika Grosse Île, kisiwa kidogo katika mto wa Kanada ambapo wagonjwa walizuiliwa, na huko wahamaji zaidi ya 5,000 walizikwa. Mwaka 1909 msalaba mkubwa wa jiwe ulisimamishwa juu ya kilima cha kisiwa hicho, ukiandikwa kwa lugha tatu, mojawapo ikiwa Kiayalandi. Walioujenga hawakuwa wale walioshuka marikebuni. Miaka 62 ilikuwa imepita. Lakini walijiona kuwa wafiwa.

Katika vijiji vya Ayalandi palikuwa na desturi ya kukesha na kijana usiku wa mwisho kabla ya safari ya kwenda Marekani. Jirani walikusanyika, wakala, wakacheza na kuimba, na alfajiri wazee wakalia kama walivyolia katika matanga, kwa maana walijua hawataonana naye tena. Aliyefika salama alituma fedha, na fedha hizo zilimlipia nauli ndugu yake aliyefuata.

Basi watu hao walikumbuka nini? Walikumbuka majina ya koo, na jina la wilaya waliyotoka. Walikumbuka nyimbo, ngoma za miguu, dini yao, na sikukuu ya tarehe 17 Machi. Leo katika Marekani peke yake watu zaidi ya milioni 30 husema kwamba wana asili ya Ayalandi, ingawa walio wengi hawajaiona nchi hiyo. Nayo nchi yao ya asili haikuwakana: katika mabadiliko ya katiba yaliyokubaliwa mwaka 1998, taifa la Ayalandi liliandika kwamba lathamini udugu wake na watu wa asili yake wanaoishi ng'ambo.

Lakini hatutasema ukweli wote tukiacha habari ya kilichopotea, nacho ni lugha. Hasara hiyo haikuanza ng'ambo; ilianza nyumbani. Shuleni watoto walifundishwa kwa Kiingereza. Mahali pengine mtoto alifungwa kijiti shingoni, na kila aliposema neno la Kiayalandi kijiti kilitiwa alama; jioni zilihesabiwa alama, naye akapigwa kwa hesabu hiyo. Wazazi wengi walikubali, kwa kuwa walijua mtoto atahama, na huko aendako Kiingereza ndicho kitakachompa kazi. Hawakuwa wabaya wala wapumbavu. Walimtakia mtoto wao riziki. Lakini mwaka 1851 wenye kusema Kiayalandi walikuwa wapata milioni 1 na nusu, na mwaka 1891, muda wa miaka 40 tu, walibaki wapata 680,000. Wimbo huweza kuvuka bahari, lakini mjukuu asiyejua lugha huuimba bila kujua maana yake.

Walipotambua hasara yao, baadhi walianza kuokoa kilichosalia. Mwaka 1893 Douglas Hyde na wenzake waliunda chama cha kuirudisha lugha hiyo; yeye mwenyewe alikuwa amejifunza kwa kukaa na wazee wa kijijini. Mwaka 1938 Hyde akawa rais wa kwanza wa Ayalandi.

Kazi nyingine twaiona kuwa yafaa zaidi kusimuliwa kwa wanafunzi. Mwaka 1935 iliundwa tume ya kukusanya masimulizi ya kale, na tangu mwaka 1937 hata 1939 tume hiyo iliwatumia watoto wa shule. Walimu walipewa kijitabu chenye mambo ya kuuliza. Watoto wa umri wa miaka 11 hata 14, katika shule zipatazo 5,000, walikwenda kwa nyanya na babu zao na kwa jirani wazee, wakawauliza habari za visima, michezo, dawa za miti shamba, dalili za mvua, kazi za mikono, majina ya mashamba, na habari za miaka ya njaa. Kisha wakaandika waliyoyasikia. Walioulizwa walikuwa wazee ambao wazazi wao walikuwa wameiona njaa ile kwa macho. Lau kazi hiyo ingengoja miaka 20, wengi wao wasingalikuwapo. Madaftari hayo yamehifadhiwa Dublin mpaka leo, na mjukuu wa mhamaji aliyeko Boston au Sydney aweza kusoma neno alilolisema jirani wa babu yake.

Sasa turudi kwetu. Hatusemi kwamba mambo ya Wairaqw ni sawasawa na ya Waayalandi. Wale wa Ulaya waliondolewa na njaa. Hawa walikwenda kutafuta ardhi na malisho. Wala hatusemi kwamba Kiswahili ni adui wa Kiiraqw. Kiswahili chatuunganisha na jirani zetu Wadatoga na Wahadzabe, na nchi nzima. Mtu aweza kuwa na lugha mbili kama alivyo na mikono miwili. Lakini vijana wa Mbulu na Hanang sasa wamo Arusha, Babati, Dodoma na Dar es Salaam, na wengine ng'ambo. Watoto wao wazaliwao mijini wataitwa Wairaqw. Je, watajua nini zaidi ya jina?

Fikirini slufay, ile dua ndefu ambayo wazee huisema kwa maneno ya kale yaliyopangwa vizuri, wakiomba mvua, afya na amani, na wasikilizaji wakiitikia. Si maneno ya mazungumzo ya kila siku. Hayajifunzwi kwa mwezi mmoja, wala hayatafsiriki yote. Fikirini pia majina. Mtoto aitwaye Tluway hubeba neno la mvua, na huenda mvua ya siku aliyozaliwa. Lakini akiwa mjini na asiyejua lugha, jina hilo litakuwa sauti tu.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ng'ombe wetu twawahesabu, na mashamba yetu twayawekea mipaka. Kumbukumbu peke yake ndiyo tuliyoiachia vichwa vya wazee, na vichwa hivyo twavizika mwaka kwa mwaka. Basi ninyi wanafunzi wa Tumati, kazi iliyofanywa na watoto wa Ayalandi mwaza kuifanya ninyi, nayo haina gharama ila kalamu, daftari na adabu. Mwendeni mzee jioni, mmsalimu kwa heshima, mketi. Mwulizeni ukoo wake ulitoka wapi, ulipita wapi, na nani alikuwa wa kwanza kujenga hapa. Mwulizeni majina ya vijito na vilima, na sababu ya majina hayo. Andikeni kwa Kiiraqw kama alivyosema, kisha kwa Kiswahili, na jina lake na tarehe chini yake.

Nanyi wazazi, mtoto akija kuuliza, msimfukuze kwa kusema kwamba hayo ni mambo ya kale. Waayalandi walijua thamani ya maswali hayo baada ya kupoteza mengi. Ninyi wazee wenu wangali wamekaa nje ya nyumba, wakiota jua, nao wangali wanasema.