Pomboo wa Menai

Zamani, huko Kizimkazi, pomboo alikuwa chambo. Naanza na jambo hili kwa sababu mgeni ashukaye bandarini Unguja kutoka katika meli kubwa ya watalii, akapelekwa kusini kumtazama mnyama huyu, hudhani kwamba watu wa pwani ile wamekuwa wakimtazama hivyo tangu enzi za mababu. Sivyo. Wavuvi walimchoma kwa chusa, wakamkata vipande, na vipande wakavitia katika ndoana za mishipi mirefu ya kuvulia papa.

Papa alikuwa mali. Nyama yake ilitiwa chumvi ikakaushwa, mapezi yakauzwa nje, na ini lake likatoa sifa, yale mafuta yenye harufu kali ambayo kila mtu wa pwani anayajua hata akiwa amefumba macho. Fundi hupaka deheni chini ya chombo, na juu hupaka sifa ili ubao usipasuke kwa jua. Kwa hiyo, msomaji, jahazi lile lililopigwa picha nyingi kuliko kitu chochote cha Unguja lilihitaji papa, na papa alihitaji chambo. Kijiji chenyewe ni cha kale. Kibla cha msikiti wa Kizimkazi Dimbani kina maandishi ya mwaka 500 wa Hijra, ndio 1107, na nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni wajukuu mbele yake.

Bei ya karafuu ilipoanguka, Zanzibar ikafungua milango kwa watalii. Mwaka 1992 wageni wa kwanza wa pomboo wakaanza kuja Kizimkazi kwa mashua za wavuvi. Uwindaji wa chusa ulikoma mwaka 1996. Tazama miaka hiyo vizuri: kwa muda wa miaka minne biashara zote mbili ziliendelea katika maji yale yale, mnyama mmoja akiuzwa kwa kutazamwa na akiuawa kwa ajili ya ndoana. Hifadhi ya Ghuba ya Menai, yenye kilomita za mraba 470, ilitangazwa mwaka 1997, yaani baada ya chusa kuwekwa chini. Nimefundisha maisha yangu yote, na ningependa sana kusema kwamba elimu ndiyo iliyowabadili wavuvi. Lakini kilichowabadili ni nauli. Pomboo wa chambo huuzwa mara moja, wa kutazamwa huuzwa kila asubuhi. Hesabu hiyo haihitaji ubao wala chaki, nami siwalaumu hata kidogo.

Miaka michache iliyopita mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa huongoza wageni, alinichukua Fumba katika jahazi pamoja na abiria wa meli wapatao kumi na wawili. Kaskazi ilivuma vyema. Nahodha alizima mashine, vijana wakatweka tanga, tukaelekea kisiwa cha Kwale. Meli yao ilikuwa ing'oe nanga jioni, hivyo kila mmoja aliangalia saa yake. Pomboo sita au saba walitokea, mmoja akiwa mtoto ubavuni mwa mamaye. Hawakuruka. Walipanda, wakavuta pumzi, wakazama taratibu. Bwana mmoja akaomba mashine iwashwe ili wafuatwe.

Kijana akaniinamia. "Mwalimu, hawa wamelala."

Ni kweli, pomboo hulala hivyo, nusu ya ubongo ikipumzika na nusu ikikesha, huku anaogelea. Nahodha hakuwasha. Lakini boti mbili za mashine zilikuja mbio kutoka upande wa pili, watu wakarukia majini na miwani yao, na kundi lile likapotea. Wale nao walikuwa na meli ya kuwahi. Watafiti waliowahesabu pomboo wa kusini mwa Unguja kwa kutambua alama za mapezi yao walipata kiasi cha 150 tu wa aina ile inayotazamwa zaidi, na wakaona kwamba boti zinapowazunguka hupungua kupumzika. Mia na hamsini ni wachache kuliko wanachuo wa chuo chochote nilichokijua. Ukiwafukuza usingizini kila siku ya meli, mama mwenye mtoto ndiye anayechoka kwanza.

Wala chusa hakikuwa adui pekee. Lipo jarife, wavu mrefu wa kutega jodari na samsuli, ambao haumchagui aingiaye. Pomboo huvuta hewa kama sisi, na akinaswa chini hufa kwa kukosa pumzi. Jarife hutegwa jioni, meli zikishaondoka, na huvutwa alfajiri kabla mgeni mwingine hajashuka.