Kamati Isiyoweza Kubadili Muswada: Safari ya Sheria za Jinai kutoka Dodoma hadi Fukayosi

Muswada wa sheria ya jinai ukishasomwa bungeni kwa mara ya kwanza, Spika huukabidhi kwa kamati ya kudumu inayohusika. Kwa mambo ya makosa, dhamana, mashtaka na adhabu, kamati hiyo kwa miaka mingi imekuwa ile ya Katiba na Sheria, ambayo siku hizi imeongezewa masuala ya utawala. Kamati za kudumu zimetajwa katika Ibara ya 96 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano, na kazi zake za kila siku zimewekwa na Kanuni za Kudumu za Bunge. Hapo ndipo muswada hupitiwa ibara kwa ibara, wadau huitwa watoe maoni, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali au waziri hujibu hoja. Muswada ukirudi ukumbini kusomwa mara ya pili, mwenyekiti wa kamati husoma maoni yake mbele ya Bunge zima.

Jambo moja katika utaratibu huo lina uzito kuliko mengine yote: kamati haina uwezo wa kuubadili muswada. Inaweza kumshauri mtoa hoja, kumwomba, hata kumbana kwa maswali siku tatu mfululizo, lakini katika hatua hiyo neno moja halibadiliki mpaka Serikali yenyewe ilete jedwali la marekebisho. Katika mabunge mengi ya majimbo ya Marekani, kamati yaweza kuuandika muswada upya au kuuacha ulale hadi kikao kiishe. Ya Dodoma haina nguvu hiyo. Yake ni nguvu ya kushawishi, na mwenye kushawishi asipokuwa na ushahidi hana alichoshika. Kwa hiyo ubora wa kazi ya kamati hii unategemea, kuliko kitu kingine chochote, ni maisha ya nani yamefika mezani pake kabla ya kuandika maoni yake.

Fukayosi ni mahali pazuri pa kulipimia jambo hilo. Ni kata ya Wilaya ya Bagamoyo, Mkoa wa Pwani, kando ya barabara inayotoka Bagamoyo mjini kwenda Msata. Watu wake wanalima, wanafuga, na ng'ombe wa jirani kuingia shambani ni ugomvi wa kila msimu. Kutoka hapo kufika Dodoma ni safari ya siku nzima kwa basi, kupitia Msata, Chalinze na Morogoro. Mdau anayepewa siku mbili za kujiandaa kwenda kuzungumza mbele ya kamati ni yule mwenye ofisi Dar es Salaam au Dodoma kwenyewe. Mtendaji wa kijiji, ambaye barua yake yenye muhuri ndiyo inayomtoa mtu mahabusu, hayumo kabisa katika hesabu hiyo.

Ukanda huu una kumbukumbu ndefu ya adhabu zilizotungwa mbali. Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya utawala wa Wajerumani hadi 1891, na amri ya Chansela ya Aprili 1896 iliruhusu Waafrika kuchapwa viboko hadi 25 kwa mara moja. Wazee waliiita hamsa ishirini, na jina hilo limebaki mdomoni mpaka leo. Uhuru haukuondoa kiboko. Sheria ya Adhabu za Chini ya 1963 iliagiza viboko 24 kwa makosa kadhaa, 12 mfungwa anapoingia gerezani na 12 anapotoka. Sheria hiyo ilibadilishwa kwa nyingine mwaka 1972, lakini wazo lake, la kumfunga hakimu mikono kwa kiwango cha chini cha adhabu, limedumu. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 iliweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa ubakaji. Watu wengi waliiunga mkono, na haki wanayo. Ila kila kiwango cha chini humwondolea hakimu kazi ya kupima na kuirudisha kwa waliotunga sheria, hivyo kamati inapaswa kuifanya kazi hiyo mapema, kabla mshtakiwa hajasimama kizimbani.

Mfano unaowagusa watu wa Bagamoyo kwa karibu ni wa nyama ya porini. Kaskazini mwa wilaya, kuelekea Mto Wami na ng'ambo yake, iko Hifadhi ya Taifa ya Saadani, na wanyama hawajui mpaka. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inakataza kumiliki nyara za Serikali bila kibali, na nyama ni nyara. Kosa hilo limo pia katika jedwali la Sheria ya Uhujumu Uchumi ya 1984. Mwaka 2016 kifungu cha 60 cha sheria hiyo kilirekebishwa, adhabu ikawa kifungo cha miaka isiyopungua 20 na isiyozidi 30. Marekebisho hayo yalipitishwa pembe za ndovu zikiwa habari ya dunia nzima, na waliokusudiwa walikuwa wafanyabiashara wakubwa. Lakini kifungu hakikutofautisha kontena la bandarini na kiroba. Mtu aliyekutwa na vipande vya ngiri chini ya mkaa, nyuma ya baiskeli, anaingia katika sheria ileile. Ofisa wanyamapori anaandika hati ya thamani, na kwa kawaida kipande huhesabiwa kwa bei ya mnyama mzima. Nyama ikianza kuharibika, hakimu anaombwa amri ya kuiteketeza, na hapo mshtakiwa anapaswa kuwepo na kusikilizwa; Mahakama ya Rufani imetengua hukumu pale jambo hilo lilipopuuzwa. Shauri lenyewe haliwezi kuendeshwa bila ridhaa ya Mkurugenzi wa Mashtaka. Kamati isingehitaji mtaalamu kutoka nje kuliona hili. Shahidi mmoja, hakimu au wakili aliyekwisha kushughulikia kesi ya kitoweo, angetosha.

Vifungu vya namna hii hupita kwa urahisi kwa sababu ya umbo la miswada. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 imefumuliwa na kushonwa mara nyingi kupitia miswada ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali, ambamo sheria kumi zisizohusiana hukaa katika jalada moja. Kanuni zinataka muswada utangazwe katika Gazeti la Serikali siku 21 kabla ya kusomwa mara ya kwanza, isipokuwa Serikali ikileta hati ya dharura. Juni 2019 muswada mmoja wa aina hiyo, uliogusa asasi za kiraia, kampuni, takwimu na filamu, ulichapishwa na kupitishwa ndani ya muda usiofika wiki mbili. Haukuwa wa jinai, lakini ulionyesha jinsi siku 21 zinavyoweza kuyeyuka. Haraka ya namna hiyo ina gharama kubwa zaidi pale kinachotungwa ni kifungo.

Suala la dhamana linaonyesha kwa nini kamati haiwezi kuwaachia majaji kazi yake. Kifungu cha 148 cha sheria ya 1985 kimepingwa mahakamani kwa zaidi ya miaka 30. Mahakama ya Rufani ilibatilisha sehemu yake katika shauri la Daudi Pete, na mwaka 2018 ikaondoa mamlaka ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya kuzuia dhamana kwa hati tu. Mei 2020 Mahakama Kuu ilikwenda mbali zaidi, ikasema kuorodhesha makosa yasiyo na dhamana kunapingana na Katiba. Agosti 5 mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Orodha ikabaki: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, dawa za kulevya, ugaidi, utakatishaji fedha na mengine. Anayetaka ipunguzwe sasa hana mlango mwingine wa uhakika isipokuwa Bunge.

Orodha hiyo haiwezi kusomwa peke yake. Septemba 2019 Bunge lilipitisha marekebisho yaliyoleta makubaliano ya kukiri kosa, katika vifungu vya 194A na kuendelea. Kwa maandishi, utaratibu ulikuwa na tahadhari nzuri: mahakama ihakikishe mshtakiwa amekubali kwa hiari, mwathirika ashauriwe, na makosa kama uhaini na ugaidi yasiingizwe. Kabla mwezi haujaisha, Rais alikuwa amewapa washtakiwa wa uhujumu uchumi siku chache za kuomba msamaha na kurejesha fedha, na Mkurugenzi wa Mashtaka akatangaza kwamba watu 467 wamejitokeza kurejesha Sh bilioni 107.8. Mtu aliyeko mahabusu kwa kosa lisilo na dhamana, ambaye kesi yake hutajwa na kuahirishwa kwa maneno yaleyale kwamba upelelezi haujakamilika, anajadiliana akiwa amebanwa. Hiari yake haiamuliwi na kifungu cha 194A pekee. Inaamuliwa pia na cha 148, na cha 225 kinachohesabu siku za kuahirisha. Kamati iliyowekewa mezani muswada wenye kimoja tu kati ya hivyo ilipaswa kuvifungua vyote vitatu, maana ndani ya gereza vinafanya kazi pamoja.

Mwaka 2022 hatua ya maana ilichukuliwa. Kifungu kipya cha 131A kilizuia mashtaka kupelekwa mahakamani kabla upelelezi haujakamilika, isipokuwa kwa makosa mazito. Msamaha huo wa makosa mazito ni mkubwa kuliko unavyoonekana, kwa kuwa mahabusu wanaokaa miaka ni haohao wa makosa mazito. Hata hivyo kwa mkulima aliyeshtakiwa kuharibu mali baada ya ugomvi wa mpaka wa shamba, nafuu ipo. Migogoro ya aina hiyo inastahili jicho la kamati kwa sababu nyingine pia: mwaka 2021 mabaraza ya kata yaliondolewa uwezo wa kuamua mashauri ya ardhi, yakabaki na kusuluhisha tu. Usuluhishi ukishindikana na baraza la wilaya likiwa mbali, mmoja huenda polisi, na shauri la ardhi huzaliwa upya kama kesi ya kuingia kwa jinai.

Ng'ambo ya bahari, Zanzibar imepita njia nyingine. Sheria za jinai si jambo la Muungano, na Baraza la Wawakilishi mwaka 2018 lilitunga upya Sheria ya Adhabu na Sheria ya Mwenendo wa Jinai, Na. 6 na Na. 7, kila moja kama kitabu kizima. Njia hiyo huchukua muda mrefu, lakini mjumbe wa kamati anayesoma sheria nzima huona dhamana, ungamo na adhabu kwa pamoja. Viraka vya Bara havimpi nafasi hiyo.

Kizuizi kimoja cha zamani kimeanza kuondoka. Mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria na ya mahakama. Kabla ya hapo muswada kwa kawaida ulichapwa kwa Kiingereza, na mwenyekiti wa kijiji aliyeuona katika Gazeti la Serikali asingeweza kuuliza swali hata moja juu yake. Sasa kamati inaweza kutuma ibara tano zinazohusu dhamana kwenye ofisi ya kata na kuomba majibu ya maandishi, kwa gharama ndogo kuliko posho ya kikao kimoja.

Kielelezo cha usikilizaji wa aina hiyo kipo. Tume ya Haki Jinai iliyozinduliwa Januari 2023 chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, Balozi Ombeni Sefue akiwa makamu wake, ilikusanya maoni nchini na kukabidhi ripoti Julai mwaka huo. Miswada inayotokana na kazi hiyo hupitia kamati ileile, kwa kanuni zilezile. Wajumbe wakiwa na ripoti hiyo mkononi, wanaweza kumuuliza Mwanasheria Mkuu, kwa kila ibara, mahabusu wa kituo cha wilaya atakaa siku ngapi, mdhamini wake atatoka wapi, na Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002, inayoruhusu kazi badala ya jela kwa kifungo kisichozidi miaka 3, itatumikaje pale ambapo ofisa wa uangalizi yuko mbali na mahakama.